Kasoro Huanza Kabla ya Swichi

Mnunuzi wa beseni katika soko la Chwele, kaunti ya Bungoma, hana maabara. Huligeuza, hubonyeza kitako kwa vidole gumba, hugonga ukingo kwa ukucha asikilize mlio, kisha huliinua kuelekea jua aone kama mwanga unapenya sawasawa. Anayenunua ndoo mjini Kitale hufanya yayo hayo. Ni uchunguzi wa busara kuliko unavyoonekana, kwa sababu karibu kila jambo linalokwenda kombo kiwandani huacha alama kwenye chombo, na alama hiyo haifutiki. Mstari hafifu ubavuni, kibonyeo nyuma ya mshikio, utando mwembamba unaokwaruza kiganja, kidoa cheusi, kifuniko kinachokataa kukaa: kila kimoja kina chanzo chake, na chanzo hicho kinaweza kufuatiliwa.

Ninazichambua hapa alama hizo kwa ajili ya mnunuzi huyo, na zaidi kwa ajili ya kijana anayesomea ufundi mitambo katika Kitale National Polytechnic au katika vyuo vya ufundi vya Bungoma, ambaye kesho atasimamishwa mbele ya mashine ya plastiki mjini Nairobi, Eldoret au Mombasa na kuambiwa airekebishe. Hoja yangu ni moja. Kasoro nyingi huanza mbali na swichi za mashine, kwenye malighafi, kwenye moldi, kwenye umbo lenyewe la bidhaa. Fundi anayekimbilia kuongeza moto au shinikizo kila mara huwa haponyi kitu. Anahamisha kasoro kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Mashine yenyewe inaeleweka. Punje za plastiki humiminwa kwenye hopa, zikashuka ndani ya silinda iliyovishwa hita, na humo skrubu ndefu huzisukuma mbele ikizikanda hadi ziyeyuke. Kisha skrubu nzima husukumwa mbele kwa nguvu, na plastiki ikadungwa kupitia nozeli hadi ndani ya moldi, yaani kalibu ya chuma yenye nusu mbili zilizobanwa pamoja. Maji hupita kwenye mifereji iliyotobolewa ndani ya chuma hicho ili kuipoza. Plastiki ikishaganda, moldi hufunguka, pini husukuma chombo nje, na mzunguko huanza upya. Ndugu wawili Wamarekani, John Wesley Hyatt na Isaiah, walipata hataza ya mashine ya aina hii mwaka 1872. Skrubu ililetwa na James Watson Hendry mwaka 1946, na msingi haujabadilika sana tangu wakati huo.

Beseni, ndoo na kiti cheupe cha kukodisha mara nyingi ni polipropilini, ile yenye namba 5 ndani ya pembetatu upande wa chini. Huyeyuka karibu na nyuzi 165 za Selisiasi, na mashine huipasha kati ya 200 na 250. Kenya haina kiwanda cha kutengeneza malighafi hii. Punje zote mpya huingia kutoka ng'ambo, na husafiri mbali kabla hazijageuka ndoo ya kuchotea maji Kiminini.

Sasa geuza beseni utazame katikati ya kitako. Kuna kovu dogo la mviringo. Hapo ndipo plastiki ilipoingilia, na mafundi hupaita geti. Kutoka hapo ilisambaa pande zote, ikapanda kuta, ikaishia ukingoni. Tuseme njia hiyo ina urefu wa sentimita 30 na ukuta una unene wa milimita 1.5. Plastiki imesafiri mara 200 ya unene wake, kwa sekunde chache, ikipita katikati ya kuta za chuma baridi zinazoigandisha kila inapozigusa. Polipropilini huweza safari hiyo, lakini haina akiba kubwa ya makosa. Ndiyo sababu chombo kisichojaa huonyesha upungufu wake ukingoni, mbali na geti. Pitisha kidole hapo palipopunguka. Kingo zikiwa laini na za mviringo, plastiki haikufika kamwe. Zikiwa kali na zenye nyuzi, ilifika, na chombo kimevunjwa baadaye, pengine juu ya lori.

Fundi akikuta chombo kisichojaa, mkono wake hukimbilia moto. Pengine atafaulu, lakini kuna maswali ya bei nafuu zaidi ya kutangulia. Je, punje zinashuka vizuri kutoka hopa, au zimeshikana shingoni? Je, baada ya kudunga kunabaki plastiki kidogo mbele ya skrubu, au skrubu imegonga mwisho na haina cha kusukuma? Kwenye ncha ya skrubu kuna pete inayozuia plastiki isirudi nyuma wakati wa kudunga. Pete hiyo ikichakaa, chombo kimoja kitajaa na kinachofuata kitapungua, ilhali hakuna aliyegusa chochote. Kasoro inayokuja na kuondoka haiwezi kuwa ya swichi, kwa kuwa swichi zimekaa palepale.

Halafu kuna hewa, ambayo wengi huisahau kwa sababu haionekani. Kabla plastiki haijaingia, moldi imejaa hewa, na hewa hiyo lazima itoke. Hutokea kwenye mianya iliyochongwa kwenye uso wa kufungia moldi, yenye kina cha takriban milimita 0.02 kwa polipropilini: finyu mno plastiki isipenye, pana kiasi cha kutosha hewa ipite. Mianya ikizibwa na masizi na nta inayotoka kwenye plastiki, hewa hunaswa pembeni na kubanwa ghafla, na hewa inayobanwa ghafla huwaka moto kama ndani ya injini ya dizeli, isiyohitaji plagi kuwasha mafuta yake. Alama yake ni doa jeusi au la kahawia, daima mahali palepale, mwisho wa safari ya plastiki. Hapa kosa la kuongeza moto na kasi ni kubwa zaidi kuliko popote, maana hewa hubanwa kwa haraka zaidi na doa hukolea. Dawa ni kupunguza kasi mwishoni mwa kudunga, kisha kusimamisha mashine na kusafisha mianya kwa kitambaa na kiyeyushi. Kazi ya dakika kumi. Nimeshangazwa mara nyingi na jinsi watu wanavyokubali kutupa vyombo siku nzima kuliko kusimamisha mashine kwa dakika hizo.

Viti vya kukodisha vinastahili nafasi yao. Kati ya Kimilili, Webuye na Kitale hakuna matanga, harusi wala harambee isiyokuwa na viti vyeupe vya plastiki vilivyopakiwa kwenye pikapu pamoja na hema. Ukoo wa kiti hicho ni mrefu. Mfaransa Henry Massonnet alitoa kiti chake cha Fauteuil 300 mwaka 1972, kiti kizima kilichodungwa kwa mkupuo mmoja, na tangu hapo umbo hilo limenakiliwa dunia nzima. Tazama mgongo wa kiti hicho, penye matundu marefu ya kupitisha hewa. Kila tundu ni chuma kilichosimama njiani wakati plastiki ikipita. Plastiki hugawanyika ikakizunguka, na vichwa viwili hukutana upande wa pili vikiwa vimeshapoa kidogo. Vikikutana vya moto, molekuli zao husukana na muungano huwa imara. Vikikutana vya baridi, hugusana tu. Hubaki mstari unaoonekana ukiinamisha kiti kwenye mwanga, na mzee mwenye uzito wake akiegemea, ufa huanzia hapohapo. Mwenye biashara ya kukodisha viti anayegundua kwamba viti vyake vinapasuka sehemu ileile, kimoja baada ya kingine, asiwalaumu waombolezaji. Wateja tofauti hawawezi kuvunja mahali pamoja kwa bahati.

Kwa mstari wa muungano, moto na kasi husaidia kweli. Ni mojawapo ya kasoro chache ambazo kwazo silika ya fundi inaelekea upande sahihi. Moldi yenye joto zaidi nayo husaidia. Lakini hakuna swichi itakayoondoa mstari kabisa, kwa sababu tundu bado lipo. Mbuni ndiye anayeweza kusogeza geti ili mstari uangukie mahali pasipobeba mzigo, na uamuzi huo hufanywa mara moja, chuma kinapochongwa. Baada ya hapo fundi anaishi nao.

Utando mwembamba unaojitokeza ukingoni, ule mafundi wanaouita flashi, una hesabu yake, nayo inafaa kufanywa kwa kalamu. Beseni lenye mdomo wa sentimita 40 lina eneo la takriban sentimita za mraba 1,257 likitazamwa kutoka juu. Shinikizo ndani ya moldi likiwa kilo 300 kwa kila sentimita ya mraba, ambacho ni kiwango cha kawaida, plastiki inasukuma nusu mbili za moldi zitengane kwa nguvu ya tani 377. Mashine yenye nguvu ya kubana tani 300 haitaweza kuzizuia. Moldi itafunguka kwa unene wa nywele, na plastiki itapenya. Mwenye kiwanda anaweza kupunguza shinikizo, ila sasa ukingo hautajaa. Ataongeza moto ili ujae, na plastiki nyepesi zaidi itapenya kwenye mwanya uleule. Hapo ndipo watu huzunguka wiki nzima kati ya flashi na upungufu, kumbe jibu lilikuwa kwenye hesabu: mashine ni ndogo kuliko kazi.

Lakini flashi ikitokea upande mmoja tu wa chombo, kwenye mashine iliyotosha jana, usihesabu tani. Fungua moldi uangalie. Mara nyingi kipande cha plastiki kimebanwa kati ya nyuso mbili, na kila mara moldi inapofungwa juu yake chuma kinaumia. Kinachoanza kwa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele huishia kwa kazi ya kuchomelea na kusaga upya moldi ya thamani ya mamilioni.

Kasoro inayowasumbua zaidi wauza ndoo wa Kitale na Bungoma ni kifuniko kisichokaa. Hapa tunaingia kwenye mnyweo. Plastiki hunywea inapopoa, na polipropilini hunywea sana, kati ya asilimia 1 na 2.5. Kifuniko cha sentimita 30 kinaweza kupungua milimita 3 au zaidi ya 7, kutegemea namna kilivyopozwa na kiasi cha plastiki kilichoshindiliwa ndani kabla geti halijaganda. Mchongaji wa moldi hukata chuma kikubwa kuliko chombo kwa kukisia mnyweo huo. Mambo yakibadilika, kisio lake huvunjika.

Mojawapo ya mambo yanayobadilika ni rangi. Mnunuzi hudhani rangi ni pambo tu, na mafundi wengi hudhani hivyo pia. Baadhi ya rangi za buluu na kijani, zile za jamii ya fithalosianini, huifanya polipropilini na polithini nzito zianze kuganda mapema na kwa mpangilio tofauti. Chombo hunywea kivingine, upande mmoja zaidi ya mwingine, na kupinda. Kwa hiyo ndoo nyekundu na ndoo ya buluu kutoka moldi moja, mashine moja, siku moja, zinaweza kutofautiana kiasi cha kifuniko cha moja kukataa nyingine. Muuza duka anayechanganya vifuniko vya rangi ili vipendeze rafuni anajitafutia ugomvi na wateja. Kiwandani, kila rangi inahitaji mipangilio yake iliyoandikwa, na muda wa kupoza wake.

Muda wa kupoza ndio unaoibwa kuliko wote, na sababu yake ni pesa. Unatawaliwa na unene kwa mraba: ukuta ukiongezeka kutoka milimita 2 hadi 3, kupoza hakuongezeki kwa nusu, kunafika mara 2.25. Mkubwa wa zamu anayetakiwa kutoa vyombo zaidi kabla ya saa kumi na mbili jioni atakata sekunde hizo kwanza. Chombo kitatoka kikionekana kizima, kikingali moto ndani, na kitamalizia kupinda kikiwa kimepangwa kwenye rundo. Ndiyo maana kupinda hugunduliwa stoo, au Kanduyi, badala ya kugunduliwa mbele ya mashine. Vibonyeo vina asili iyo hiyo. Vinapatikana mkabala na mbavu na mishikio, penye plastiki nene inayochelewa kuganda. Ndani ikinywea, ngozi ya nje huvutwa ndani. Mbuni mwangalifu hufanya ubavu uwe kama asilimia 60 ya unene wa ukuta, usizidi. Fundi aliyekabidhiwa moldi yenye ubavu mnene hana budi kushikilia shinikizo kwa muda mrefu zaidi na kupunguza moto. Ndiyo, kupunguza. Plastiki yenye moto mwingi hunywea zaidi.

Michirizi ya rangi ya fedha inayotawanyika kutoka kwenye geti huhusishwa na unyevu, na mara nyingi ni kweli. Nailoni, PET ya chupa, na ABS ya vifaa vya umeme hunyonya maji hewani na lazima zikaushwe. ABS hukaushwa kwa nyuzi 80 hivi kwa saa mbili hadi nne, PET kwa nyuzi 160 na zaidi hadi maji yabaki chini ya sehemu 50 katika milioni. Polipropilini haina tabia hiyo. Kwa hiyo beseni la polipropilini likiwa na michirizi, uliza kuna nini kingine ndani yake. Kuna jaribio rahisi: rudisha silinda nyuma, mwaga plastiki kidogo hewani, uitazame. Ikitoka nyororo na kimya, tafuta chanzo kwingine, huenda moto umezidi kwenye nozeli. Ikitoka ikitokota, ikichemka na kutoa mlio wa mvuke, ina maji. Kuna pia maji yasiyotoka kwenye punje: msimu wa mvua, Aprili na Mei, moldi inayopozwa kwa maji baridi mno hutokwa na jasho usoni kila inapofunguka, na matone hayo huacha madoa. Dawa ni kuongeza joto la maji kidogo, wala si kukausha punje ambazo hazijawahi kulowa.

Maji kwenye polipropilini huja hasa na chakavu, na hapa ndipo Kitale na Bungoma zinapoacha kuwa soko tu na kuwa sehemu ya kiwanda. Ndoo zilizopasuka, viti vilivyovunjika na mitungi iliyotoboka hukusanywa na vijana, huuzwa kwa kilo, husagwa na kurudi mashineni. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zake za 2024 zinamtwika mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kuuzwa na kutumika, kwa hiyo chakavu kitaongezeka kwenye hopa, na ninaona ni vyema. Ila chakavu kinadai uangalifu ambao punje mpya hazidai. Kila polipropilini inapoyeyushwa minyororo yake ya molekuli hukatika. Plastiki huwa nyepesi zaidi ikiyeyuka, na dhaifu zaidi ikiganda. Mashine iliyopangwa kwa punje mpya itaanza kutoa flashi mara chakavu kinapozidi, na fundi asiyejua kilichobadilika kwenye gunia atapunguza shinikizo, atapata upungufu, na tutarudi kwenye ule mzunguko wa wiki nzima.

Uchanganyaji ni tatizo kubwa zaidi. Mtungi wa mafuta ya kupikia kwa kawaida ni polithini nzito, namba 2; kiti ni polipropilini, namba 5. Zinafanana machoni na zote huelea majini, lakini zikiyeyushwa pamoja hazichanganyikani kikweli. Chombo hutoka kikiwa na matabaka. Kata ukingo kwa kisu, ukunje, na ngozi itabanduka. Mkusanyaji anayesoma namba kabla ya kutupa kwenye gunia anafanya kazi ya kiufundi, na alipwe hivyo.

Maji yanaweza kufichua jingine. Polipropilini safi ina uzito wa takriban gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo huelea. Watengenezaji wengine huongeza unga wa chokaa, ambao ni wa bei nafuu na una uzito wa gramu 2.7. Ukifika takriban asilimia 14 ya uzito wote, kipande huzama. Mega beseni lililovunjika, tupa kipande ndani ya maji. Chokaa kidogo si dhambi, hata huongeza ugumu. Ikizidi, chombo huwa kizito mkononi, mlio wake hufifia, na kikianguka hakinesi, hupasuka. Kwa hiyo mama wa Chwele anayegonga kwa ukucha anapima kitu halisi.

Kuna chakavu kimoja ambacho hakistahili kufika kwenye beseni la nyumbani kamwe. Trans Nzoia, kaunti uliko mji wa Kitale, ni nchi ya mahindi, na mahindi ya leo yanalimwa kwa dawa za magugu na wadudu zinazouzwa kwenye chupa za polithini nzito. Plastiki hiyo hunyonya sehemu ya dawa ndani ya kuta zake. Kusuuza huondoa iliyo juu tu. Hakuna jicho wala ukucha utakaoiona kasoro hiyo kwenye chombo kipya. Ni kasoro pekee katika makala haya isiyoacha alama, na kinga yake iko shambani na kwenye kituo cha kukusanyia, mahali ambapo chupa hizo lazima zitengwe.

Na stima je? Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, lakini hata kukatika kwa nusu saa kunatosha kuharibu siku. Skrubu husimama, plastiki hubaki ndani ya silinda yenye moto, na ile iliyoshikamana na chuma huungua polepole. Stima ikirudi, vyombo vya kwanza huonekana safi. Vidoadoa vyeusi huja baadaye, magamba yanapobanduka kidogo kidogo, na huendelea kwa saa kadhaa. Ukiulizwa kwa nini madoa yameanza saa tisa alasiri, chunguza kilichotokea saa tano asubuhi. Kwa PVC jambo hili huwa hatari, kwa sababu ikikaa kwenye moto hutoa gesi ya asidi inayokula chuma na kuumiza mapafu. Silinda yake humwagwa mara moja.

Swali hilo la saa ndilo ufunguo wa uchunguzi wote. Kasoro inayokaa mahali pamoja kwenye kila chombo inaelekeza kwenye moldi. Inayotangatanga inaelekeza kwenye malighafi au mashine. Iliyoanza gunia jipya lilipofunguliwa, kamata gunia. Iliyoanza mchana jua lilipopanda, pima maji ya kupoza. Baada ya hapo badilisha kitu kimoja, kimoja tu, subiri vyombo kumi hivi ili joto litulie, utazame, uandike. Fundi anayegeuza swichi tatu kwa pamoja na kufaulu hajui ni ipi iliyomsaidia, wala hawezi kumwachia wa zamu ya usiku chochote zaidi ya bahati.

Kifaa bora cha kazi hiyo si ghali. Ni mizani ya gramu. Pima chombo kilichoshikiliwa shinikizo kwa sekunde mbili, kisha tatu, kisha nne. Uzito utaongezeka, halafu utakoma. Pale unapokoma, geti limeganda. Kushikilia zaidi ni kupoteza muda, na kushikilia pungufu ni kuruhusu plastiki irudi nyuma na kuacha kibonyeo. Namba hiyo moja, ikiandikwa ukutani pa mashine, huzuia mabishano mengi.

Chuo kisicho na mashine kubwa kinaweza kufundisha haya. Tangu 2013 mradi wa Precious Plastic, ulioanzishwa na Mholanzi Dave Hakkens, umekuwa ukitoa bure michoro ya mashine ndogo ya kudunga plastiki: bomba la chuma, hita, na mpini mrefu unaovutwa kwa mkono. Karakana yenye mashine ya kuchomelea, tuseme Kitale au Webuye, inaweza kuiunda kwa vyuma vinavyopatikana mjini. Faida yake kwa mwanafunzi ni kwamba shinikizo analishika yeye mwenyewe. Anavuta mpini, anasikia moldi inajaa na mpini unagoma, kisha anaendelea kukandamiza huku plastiki ikinywea na mpini ukishuka kidogo kidogo chini ya uzito wake. Aachilie mapema mara moja kwa makusudi, akate kipande kwa msumeno penye unene, na apime kwenye mizani chombo hicho na kile alichokikandamiza hadi mwisho.